Hati ya Shylock: Mabepari wa Venisi na Usomaji wa Kiingereza katika Vyuo Vikuu

Utangulizi

Mwanafunzi anayeingia chuo kikuu katika Afrika ya Mashariki huwa amekwisha kujifunza Kiingereza kwa miaka mingi. Sarufi anaijua, insha aweza kuiandika, na mitihani ameishinda. Hata hivyo malalamiko ya wahadhiri hayajapata kwisha. Mwanafunzi huyo huyo akipewa ukurasa wa Kiingereza kizito huusoma kutoka juu hadi chini, akaeleza maana ya kila neno, na bado asijue ni jambo gani lililosemwa, limesemwa kwa nia gani, na ni nani anayechekwa. Kwa upande wa Tanzania, taarifa ya Criper na Dodd ya mwaka 1984 ilionyesha wazi kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi hakikutosha kubeba mzigo wa masomo waliyokuwa wakifundishwa kwa lugha hiyo. Dawa iliyotolewa tangu hapo, katika vyuo vingi vya eneo hili, ni kuongeza mafunzo ya lugha: kozi za stadi za mawasiliano, ambamo mwanafunzi hufundishwa kuandika muhtasari, kupanga aya na kutumia maktaba.

Stadi hizo si za kudharauliwa. Lakini makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ugonjwa wenyewe haukupimwa sawasawa. Anachokosa msomaji wa kiwango cha juu, mara nyingi, si msamiati wala sarufi, bali ni elimu ya mambo ambayo mwandishi hakuyataja kwa kuwa alidhani kila mtu anayajua. Aidha makala yanadai kwamba elimu hiyo haipatikani kwa kukariri mila za Waingereza peke yake. Hupatikana kwa kulinganisha, na mahali pazuri pa kulinganisha ni katika lugha ambayo msomaji anaimiliki. Kwa sababu hiyo, tafsiri ya Kiswahili haifai kuwekwa rafu moja na vitabu vya kumsaidia mwanafunzi mvivu. Ni mtihani mgumu kuliko yote ambayo usomaji wa Kiingereza waweza kupewa.

Kazi itakayochunguzwa ni The Merchant of Venice ya William Shakespeare pamoja na tafsiri yake, Mabepari wa Venisi, ya Mwalimu Julius K. Nyerere, iliyotolewa na Oxford University Press mwaka 1969. Tamthilia hii imechaguliwa kwa sababu moja kubwa. Kilele chake ni kisa cha usomaji. Antonio haokolewi kwa upanga, wala kwa fedha, wala kwa machozi ya rafiki zake. Anaokolewa kwa sababu Portia anaisoma hati ya deni kwa makini zaidi kuliko mtu aliyeiandikisha.

Neno na kilicho nyuma ya neno

Kwamba kuelewa maandishi hutegemea elimu ambayo msomaji huja nayo si dai jipya. Mwaka 1932 F. C. Bartlett, mwanasaikolojia wa Cambridge, alieleza jinsi alivyowapa wasomaji wa Kiingereza ngano ya Wahindi Wekundu wa Amerika ya Kaskazini, kisha akawataka waisimulie tena baada ya muda. Wasomaji hao waliibadilisha bila kujua. Mtumbwi uligeuka mashua, uwindaji wa sili ukageuka uvuvi, na mambo ya mizimu, ambayo ndiyo roho ya ngano hiyo, yakafifia au yakaondoka kabisa. Hawakukosa Kiingereza, kwani ngano waliisoma kwa lugha ya mama zao. Walichokosa ni ulimwengu wa wasimulizi wake.

Kisa cha pili ni maarufu miongoni mwa wanaanthropolojia. Laura Bohannan, katika makala aliyoyachapisha mwaka 1966, alisimulia jinsi alivyowahadithia wazee wa Kitiv wa Nigeria kisa cha Hamlet, akiamini kwamba maana yake ni moja kwa watu wote. Wazee walimsahihisha hatua kwa hatua. Kwao, mtu kumwoa mjane wa ndugu yake ni jambo jema, na kuoana upesi ni bora zaidi. Maiti haiwezi kutembea, kwa hiyo kile kilichoonekana usiku hakika kilikuwa ni ishara iliyotumwa na mchawi. Msomaji wa Kenya aliyelelewa katika jamii inayorithi wajane hahitaji kuelezwa kwa nini wazee hao hawakuona ubaya mahali ambapo Hamlet anauona tangu mwanzo.

Mwaka 1979 Steffensen, Joag-Dev na Anderson waliyapeleka mambo haya kwenye kipimo. Waliwapa wasomaji wa Kihindi na wa Kimarekani barua mbili, moja juu ya arusi ya Kihindi na nyingine juu ya arusi ya Kimarekani. Kila kundi lilisoma upesi zaidi barua ya arusi ya kwao na kukumbuka mengi zaidi kutoka humo, na lilipoisoma barua ya wageni liliyapotosha mambo kwa kuyafananisha na ya kwao.

Mafunzo mawili yapatikana hapa. La kwanza ni kwamba upungufu huu si aibu ya Mwafrika. Msomi wa Cambridge aliye mbele ya ngano ya watu wengine hupotea vile vile. La pili, ambalo walimu wa Kiingereza hulisahau, ni kwamba msomaji hajapata kuwa chombo kitupu. Asipopewa elimu inayohitajiwa na maandishi, nafasi hiyo haikai wazi. Huijaza kwa mambo ya kwao, wala hana habari kwamba ameijaza. Basi swali la mwalimu si kumtia mwanafunzi elimu tu, bali ni kumfanya aione elimu aliyo nayo na kuitumia kwa kujua.

Venice ya watu wa London

Tamthilia hii yakadiriwa kuwa iliandikwa mwaka 1596 au 1597, na ilichapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1600. Mwanafunzi akiambiwa kwamba Shylock ni Myahudi anayekopesha kwa riba, hukimbilia kudhani kwamba watu wa London waliomtazama walimjua Myahudi kama yeye anavyomjua jirani yake. Sivyo. Mfalme Edward wa Kwanza aliwafukuza Wayahudi Uingereza mwaka 1290, na hawakuruhusiwa kurudi mpaka mwaka 1656. Kwa hiyo watazamaji wa Shakespeare, isipokuwa wachache, walimjua Myahudi kwa njia ya Biblia, mahubiri na masimulizi ya kutisha, na hali ya mwanafunzi wa Nairobi au Dar es Salaam haina tofauti kubwa na hiyo. Katika Venice yenyewe Wayahudi waliishi kweli, lakini tangu mwaka 1516 walilazimishwa kukaa katika mtaa wao, ambao milango yake ilifungwa usiku.

Habari ya riba nayo yahitaji uangalifu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1571 iliendelea kuitaja riba kuwa ni dhambi, lakini papo hapo iliiachilia isipozidi sehemu kumi katika mia. Wakristo wa London walikopeshana kwa riba kila siku. Baba yake Shakespeare, John, alishitakiwa mwaka 1570 kwa kuvunja sheria za riba. Ndiyo kusema kwamba watazamaji waliomzomea Shylock walikuwa wakiizomea biashara ambayo mikono yao wenyewe ilikuwa imeishika. Mtu asiyelijua hilo ataisoma tamthilia kama kisa cha mwema na mwovu. Anayelijua ataanza kuuliza kwa nini jamii humtafuta mgeni wa kumbebesha dhambi ambayo haitaki kuiacha.

Hadi hapa mwalimu wa Kiingereza atakubali kwamba anafundisha “utamaduni”. Lakini kuna elimu nyingine ambayo mwanafunzi wa Afrika ya Mashariki huja nayo darasani na ambayo haiulizwi. Neno lenyewe “riba” ni la Kiarabu, na kwa Mswahili wa pwani limekuja likiwa na hukumu ya Kurani juu yake. Kijana aliyepitia madrasa hana haja ya maelezo marefu ili aelewe jinsi jambo laweza kuwa halali sokoni na haramu mbele ya Mungu. Kwake chuki ya Antonio dhidi ya riba si jambo la kale. Ni swali ambalo mzazi wake alikabiliana nalo alipofikiria kuweka fedha benki. Msomaji wa Uingereza wa leo, ambaye hulipa riba ya nyumba yake bila kuwaza dhambi, yuko mbali zaidi na Antonio kuliko kijana huyo wa Lamu au Mombasa.

Mfano wa pili ni wa kondoo. Shylock anapotaka kuitetea riba hutoa kisa cha Yakobo na kondoo za Labani, kilichomo katika Mwanzo, mlango wa 30. Yakobo alipata ujira wake kwa kuzaliana kwa mifugo, kwa nini basi fedha nayo isizae? Antonio anaikataa hoja hiyo, kwani mifugo huzaa na dhahabu haizai. Hoja hii ina asili yake kwa Aristotle, na wafafanuzi wa Kiingereza huitolea maelezo marefu. Lakini katika jamii nyingi za wafugaji wa Afrika ya Mashariki mtu humpelekea rafiki yake ng’ombe amtunzie, naye mtunzaji akapata maziwa, na wakati mwingine ndama. Hakuna anayeiita riba, kwa kuwa mnyama amezaa kwa nguvu ya uhai wake na mtunzaji ametoa jasho. Mwanafunzi aliyekulia katika desturi hiyo ana ufunguo wa onyesho hili mfukoni. Balaa ni kwamba hakuna aliyemwambia kwamba ufunguo huo wafungua mlango huu.

Maneno yenye pande mbili

Ugumu wa pili uko katika lugha yenyewe. Kiingereza cha Shakespeare kimejaa maneno yaliyobeba maana mbili au tatu kwa wakati mmoja, na mara nyingi mzigo wote wa onyesho hutegemea kutozitenganisha. Neno “bond”, linalorudiwa mara nyingi kinywani mwa Shylock, ni hati ya deni. Tena ni uhusiano unaowaunganisha watu, na tena ni kifungo cha mtumwa au mfungwa. Kiswahili hulazimika kuchagua: hati, ahadi, dhamana, kifungo. Vivyo hivyo neno “kind” lilimaanisha mwenye wema, na pia lilimaanisha asili, jamii ya mtu, walio wa damu moja naye. Shylock anapodai kwamba mapatano yake ni ya wema, msikilizaji wa London aliyasikia maswali yote mawili: je, mtu huyu ni mwema, na je, ni mwenzetu? Neno “gentle” nalo, linalomaanisha upole na uungwana, lilisikika karibu sawa na neno lililotumiwa kumtaja mtu asiye Myahudi. Kumwita Shylock hivyo ni kumsifu na kumtoa katika watu wake kwa neno moja.

Wanaodharau tafsiri hutumia mifano hii kuonyesha kwamba haiwezekani. Waama haiwezekani kuyahamisha maneno hayo bila hasara. Lakini tazama linalotokea darasani. Mwanafunzi anayesoma Kiingereza peke yake hupita juu ya “bond” bila kusimama, kwa kuwa kamusi imemwambia ni mkataba naye ameridhika. Mwanafunzi anayetakiwa kulitia katika Kiswahili hana budi asimame. Atajaribu hati na kuona kifungo kimepotea. Atajaribu kifungo na kuona karatasi imepotea. Katika kusimama huko ndiko anakoligundua neno la Kiingereza kwa mara ya kwanza. Hasara ya tafsiri ndiyo faida ya msomaji.

Na si hasara tu. Pengine Kiswahili humpa msomaji kitu ambacho Kiingereza hakina. Kitenzi “kuwia” ni mfano mzuri. Anayemwia mwenzake anamdai. Anayewiwa ana deni. Na mtu akikosa husema “niwie radhi”. Umbo moja la kitenzi limebeba deni na msamaha, yaani mambo mawili ambayo mahakama ya Venice inashindana kuyapatanisha tangu Portia anapoingia hata hukumu inapotolewa. Mwandishi wa Kiingereza hakuweza kuyafunga pamoja kwa neno moja, ikambidi aandike hotuba nzima. Mwanafunzi anayeligundua jambo hili hamwabudu tena Shakespeare wala hamkimbii. Anazungumza naye.

Namna za kumsemesha mtu ni jambo jingine. Kiingereza cha leo kina “you” peke yake, na ndicho alichofundishwa mwanafunzi. Katika karne ya kumi na sita “you” lilikuwa la heshima au la mbali, na “thou” la mtu wa ndani, la mdogo, au la anayedharauliwa. Katika mapatano ya kwanza Shylock humwambia Antonio “you” hata anapomkumbusha matusi aliyotukanwa, na Antonio humjibu kwa “thou”. Baada ya Antonio kufilisika, ni Shylock anayetumia “thou”, na Antonio ndiye anayebembeleza. Mapinduzi yote ya nguvu kati yao yamo katika viwakilishi viwili ambavyo mwanafunzi huvisoma kama kimoja. Kiswahili hakina tofauti hiyo ya viwakilishi, lakini kina njia zake. Aliyeitwa “bwana” jana akiitwa “we!” leo, hakuna Mswahili asiyejua kilichotokea. Mwalimu atakayeuliza, “Hapa Shylock angemwitaje kwa Kiswahili?” atakuwa amefundisha historia ya Kiingereza, adabu ya Kiswahili na uhakiki wa tamthilia kwa swali moja.

Tafsiri ya Mwalimu kama uhakiki

Kwa mtazamo huo Mabepari wa Venisi yafaa isomwe kama uhakiki, si kama kivuli cha kitabu kingine. Tafsiri za Shakespeare katika Kiswahili zilitangulia. Mwaka 1867 Askofu Edward Steere alikuwa ametoa Zanzibar Hadithi za Kiingereza, kwa kufuata masimulizi ya Charles na Mary Lamb. S. S. Mushi alitoa Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969. Nyerere mwenyewe alikuwa ametoa Julius Caezar mwaka 1963, kisha akaipitia tena na kuitoa upya kwa jina la Juliasi Kaizari mwaka 1969. Badiliko hilo la jina, dogo kama lilivyo, laonyesha msomaji asiyeridhika na usomaji wake wa kwanza. Ikumbukwe pia kwamba mfasiri huyu alikuwa mwalimu kwa kazi yake, na kwamba elimu yake aliipata Makerere na Edinburgh, ambako alitunukiwa shahada ya M.A. mwaka 1952. Ni mhitimu wa chuo kikuu aliyekitumia Kiingereza chake kuitajirisha lugha yake.

Jina la tafsiri ndilo lililozua mjadala mkubwa, nalo lastahili kupimwa kwa uangalifu. Kwa Kiingereza mfanyabiashara ni mmoja, na ni Antonio. Wanafunzi wengi hudhani ni Shylock, na kosa hilo lina maana yake, kwani Portia mwenyewe anapoingia mahakamani huuliza ni yupi mfanyabiashara na ni yupi Myahudi. Nyerere amewafanya kuwa wengi. Tena hakutumia “mfanyabiashara” bali “bepari”. Neno hili lilikuja pwani na wafanyabiashara wa Kihindi likiwa na maana ya mchuuzi au tajiri wa biashara tu. Lakini kitabu kilitoka miaka miwili baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambalo lilitangaza vita dhidi ya ubepari na ukabaila. Msomaji wa mwaka 1969 hakuweza kulisikia neno hilo kwa maana yake ya kale peke yake.

Basi jina hili ni hukumu. Linalijibu swali la Portia kabla halijaulizwa: hapana haja ya kuwatenga, wote ni mabepari. Antonio anayejisifu kwamba hatozi riba, Bassanio anayefuata mke mwenye mali ili alipe madeni, na Shylock anayetoza, wote wamo katika soko moja. Usomaji huu una nguvu. Unaiondolea Venice vazi la utakatifu ambalo Wakristo wake wamejivika, nao unakubaliana na yale yaliyokwisha kuelezwa juu ya London ya mwaka 1571.

Lakini una gharama, na mhakiki mwaminifu hana budi aitaje. Shylock hateswi kwa sababu ni tajiri. Anateswa kwa sababu ni Myahudi. Sheria inayomwangusha mwishoni ni ile inayomhukumu mgeni anayetafuta roho ya raia, na adhabu yake ya mwisho ni kulazimishwa abadili dini. Bepari akinyang’anywa mali, watu waweza kushangilia. Mtu akinyang’anywa imani ya baba zake ni jambo jingine. Jina “mabepari” linafungua jicho moja la msomaji na kulifumba la pili. Mwanafunzi asomaye tafsiri peke yake yumo hatarini kuona tabaka na asione dini, kama vile asomaye Kiingereza peke yake alivyo hatarini kuona dini na asione tabaka. Ndiyo sababu vitabu vyote viwili vyapasa kuwa juu ya meza moja.

Kuhusu umbo, Nyerere alifuata mistari isiyo na vina. Jambo hili halikutokana na kutoyajua mashairi ya jadi, kwani baadaye mtu huyo huyo alitunga tenzi ndefu za Injili, zilizotolewa mwaka 1996. Alichagua. Alisikia kwamba mazungumzo ya Shakespeare hutembea kwa mapigo bila kufungwa na kina, naye akaipa sikio la Mswahili namna hiyo mpya, miaka kumi na mmoja kabla ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi (1974) kuamsha ugomvi juu ya mashairi huru. Kasoro yake ni kwamba katika lugha iliyozoea vina, mstari usio na kina waweza kusikika kama nathari iliyokatwa, na mwigizaji asiye hodari atausoma hivyo. Lakini hata kasoro hiyo hufundisha, kwa sababu humlazimisha mwanafunzi aulize ni kitu gani kinachoufanya mstari wa Kiingereza uwe shairi.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza litatoka kwa walimu wa lugha, watakaosema kwamba kufasiri humzoeza mwanafunzi kufikiri kwa lugha nyingine na hivyo humchelewesha. Kwa anayeanza huenda ikawa kweli. Lakini anayezungumziwa hapa si anayeanza. Ni mtu ambaye wepesi wake wa kusoma ndio unaomdanganya. Kumchelewesha ndiyo shabaha yenyewe.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Yaweza kuulizwa kwa nini chuo kikuu cha Afrika kijishughulishe na mambo ya Venice na London hata kidogo. Mwezi Oktoba 1968 Ngugi wa Thiong’o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wao wa kutaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi iondolewe. Mara nyingi waraka huo hutajwa kana kwamba ulitaka vitabu vya kigeni vitupwe. Kilichodaiwa ni kubadilisha kitovu: Afrika iwekwe katikati, na fasihi nyingine zitazamwe kutoka hapo. Kusoma The Merchant of Venice kwa msaada wa riba ya pwani, ng’ombe wa bara na kitenzi “kuwia” ni kulitimiza dai hilo, si kulipinga. Na tena Shakespeare mwenyewe hakufanya jingine. Roma yake aliipata kwa Plutarch, aliyeandika Kigiriki, akafasiriwa kwa Kifaransa na Amyot, na kutoka Kifaransa akatiwa katika Kiingereza na Thomas North mwaka 1579. Fasihi ya Kiingereza inayoheshimiwa hivi leo ilikua kwa kufasiri. Hapana sababu ya kukionea Kiswahili haya kwa kufuata njia hiyo hiyo.

Hitimisho

Jambo hili halihusu fasihi pekee. Katika Kenya, kwa mujibu wa sheria, lugha ya Mahakama Kuu na ya Mahakama ya Rufani ni Kiingereza. Mikataba ya mikopo na ya makampuni ya kigeni huandikwa kwa Kiingereza, na wanaokaa mezani kuisoma ni wahitimu wa vyuo vikuu. Shylock aliijua lugha ya hati yake vizuri sana, lakini hakuyajua yaliyokuwa nyuma yake: kwamba katika sheria ya mji ule yeye alikuwa mgeni, na kwamba ratli moja ya nyama haina damu ndani yake pindi msomaji mwingine akiamua kuisoma hivyo. Alipoteza mali, dini na jina kwa sababu ya usomaji usiofika chini. Taifa laweza kupoteza namna hiyo.

Yafaa basi idara za Kiingereza na za Kiswahili ziache kukaa kama majirani wasiosemezana. Kila kozi ya usomaji wa juu wa Kiingereza iwe na kazi ya kufasiri, fupi lakini ya kudumu, itakayosahihishwa na wahadhiri wa idara zote mbili pamoja. Mwanafunzi adaiwe kuandika, kando ya kila uchaguzi wa neno, sababu zake na hasara aliyoikubali. Tafsiri zilizopo zisomwe kama uhakiki, zisifiwe na zikosolewe kwa kulinganishwa na matini ya asili. Na kabla mwalimu hajaanza kueleza desturi za Waingereza, awaulize kwanza wanafunzi wanajua nini wao wenyewe juu ya deni, dhamana, mgeni na msamaha. Majibu yatamshangaza, na usomaji utakuwa umeanza.